Jaribio la Pare-Taveta na Wasomaji Wake

Asimamaye Holili akatazama mashariki huiona nchi ya Taveta ng'ambo ya mpaka. Huko, na upande wa Pare, wataalamu wa malaria wa Amani waliendesha jaribio kubwa baina ya 1954 na 1959. Nyumba zilinyunyizwa dawa ya dieldrini, na mbu aina ya Anopheles funestus akakaribia kutoweka. Kisha unyunyizaji ukakoma.

Melissa Graboyes, katika kitabu chake The Experiment Must Continue (2015), auliza ni wajibu gani unaombakia mtafiti baada ya kufunga vyombo vyake. Ilihofiwa kwamba wenyeji, kinga ya miili yao ikiisha kupungua, wangeshikwa na homa kali zaidi ugonjwa urejeapo. Swali hilo ni la haki, nami nalikubali. Lakini yapasa kulisoma pamoja na makala ya Pringle ya 1969, aliyeonyesha ya kuwa vifo havikurudi upesi katika kiwango cha zamani. Huenda dawa za kumeza zilisaidia.

Upungufu niuonao ni kwamba mabishano haya huanzia siku bomba la dawa lilipoingia kijijini. Wachagga wa zamani walikaa kwenye vihamba vya mlimani, wakishuka tambarare kulima na kupanda tena. Homa ya bondeni ilikuwa sababu mojawapo. Je, hilo nalo si udhibiti wa malaria? Halikuandikwa katika ripoti, basi halihesabiwi.

Tena liko suala la majina, ambalo sisi walimu wa lugha tumewaachia waganga. Peter Winch na wenzake (1996) walikuta huko Bagamoyo kwamba malaria ya hospitali na homa ya nyumbani hazina mpaka mmoja. Degedege ilihesabiwa ugonjwa wa peke yake, wenye tiba yake ya kienyeji. Mama afikiriye hivyo, ukimwambia malaria imepungua, hujamwambia neno juu ya degedege ya mwanawe.

Turudi karibu na nyumbani. Katika mashamba ya umwagiliaji ya Moshi chini, Ijumba, Mosha na Lindsay (2002) waliona mbu wengi zaidi penye mpunga, na hata hivyo hatari ya kuambukizwa malaria ilikuwa ndogo kuliko katika kijiji kikavu cha mahindi. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni vyandarua, ambavyo wakulima wa mpunga walivitumia zaidi.