Engaruka: Ufundi wa Kuyatuliza Maji

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, mvua haitoshi kumhakikishia mkulima mavuno. Hata hivyo, kuanzia yapata karne ya 15 hadi ya 18, watu wa Engaruka walilima hapo, mtama ukiwa mojawapo ya mazao yao. Mashamba na mifereji yao ilienea takriban hekta 2,000. Hawakuwa na saruji. Walikuwa na mawe, maji yanayoteremka kutoka nyanda za juu, na jicho linalojua ardhi inainamia wapi.

Tazama mfereji kwanza. Ukiupa mteremko mkali, maji hukimbia na kula kingo. Ukiulaza mno, tope hutuama na mfereji huziba. Fundi hana budi kupata kipimo cha katikati, kisha akishikilie kipimo hicho kando ya mlima mpaka shamba la mwisho. Kazi hiyo inataka subira kuliko nguvu.

Shambani ndipo ninapowavulia kofia. Mawe yaliyozagaa yaliokotwa; mengine yakapangwa kuwa mipaka, yaliyobaki yakarundikwa kando. Sehemu nyingine walikinga maji kwa ukuta mfupi wa mawe makavu. Maji yakifika hapo hupungua kasi, na yakipungua kasi huangusha udongo yalioubeba. Udongo ukifikia kimo cha ukuta, huongezwa safu nyingine ya mawe. Wanaakiolojia waliochimba kuta hizo wamekuta udongo umejaa tabaka juu ya tabaka. Kabla ya kupanda mbegu, wakulima hawa walikuwa wamelitengeneza shamba lenyewe, wakiyafanya maji kuwa mchukuzi wao.

Nyumba walizijenga juu ya mteremko, kwenye vitalu vilivyosawazishwa na kuzuiwa kwa mawe, hivyo ardhi inayofikiwa na maji ikabaki kwa ajili ya kilimo. Mtu aliyeamka huko juu aliliona shamba lake lote, na la jirani pia. Nalo la jirani lilimhusu, kwa kuwa mfereji ukibomoka juu, wa chini hukosa maji.

Wageni wengi huuliza watu hawa walikwenda wapi. Ni swali la haki. Lakini anayesomea umwagiliaji aanze na jinsi walivyofanya kazi: apige magoti kando ya ukuta, ahesabu safu za mawe, afuate mteremko kwa miguu. Somo lao bado limeandikwa ardhini, na linafaa kila mahali penye mvua haba.