Pilote de guerre: Kitabu cha Rubani Asiye na Kaburi

Wasomaji wawili watatu wametuuliza ikiwa kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry kiitwacho Pilote de guerre chafaa kuwekwa katika maktaba ya parokia, pale vijana wanaojua Kifaransa wanapokuja kusoma jioni. Mwandishi mwenyewe wanamjua kwa Le Petit Prince, ambacho wengi wamekisoma shuleni. Hiki kingine hawakijui. Tumekisoma tena tangu mwanzo hata mwisho. Jibu letu twalitoa hapa pamoja na sababu zake, kwa maana kusema "chafaa" au "hakifai" bila sababu hakumsaidii mtu.

Kwanza habari zenyewe. Mwezi wa Mei 1940, Wadachi walipoingia Ufaransa, Saint-Exupéry alikuwa kapiteni katika kundi la ndege za upelelezi liitwalo 2/33. Kazi yao haikuwa kutupa mabomu, bali kuruka juu ya nchi iliyokwisha kushikwa na adui, kutazama, kupiga picha, na kurudi kutoa habari. Tarehe 23 Mei alitumwa juu ya mji wa Arras katika ndege ya Bloch 174, yenye injini mbili na watu watatu: yeye mwenyewe rubani, Dutertre mwenye kutazama, na mpiga rashasha aliyekaa nyuma. Kitabu chote ni habari ya safari hiyo moja. Alikiandika huko Marekani baada ya nchi yake kushindwa, kikatoka New York mwaka wa 1942. Mwisho wa mwaka ule ule kilichapishwa Ufaransa pia, ingawa neno moja juu ya Hitler lilifutwa. Lakini hazikupita siku nyingi kikapigwa marufuku. Kisa chake ni hiki: ndani yake mwandishi amsifu mwenzake wa kundi aitwaye Israël, Myahudi, rubani hodari, ambaye siku moja alitumwa na hakurudi. Wale Wafaransa waliojiunga na adui hawakuvumilia kuona Myahudi akisifiwa kwa ushujaa. Basi watu wakakichapa kwa siri, Lyon na Lille, wakijua hatari yake. Hilo peke yake lilitufanya tukishike kitabu hiki kwa heshima kabla hata ya kukifungua.

Vitabu vingi vya kumbukumbu za vita huandikwa na walioshinda, na aliyeshinda hukumbuka kwa sauti kubwa. Saint-Exupéry aandika juu ya kushindwa. Asema wazi kwamba kundi lao lilikuwa na ndege za watu watatu watatu ishirini na tatu, na kwa muda wa majuma matatu kumi na saba zilipotea. Asema tena kwamba habari walizotumwa kuzitafuta hazikuwa na faida kwa mtu yeyote, kwa kuwa simu zilikatika, njia zilijaa wakimbizi, na mkubwa wa kuzipokea hajulikani aliko. Komanda Alias ajua hayo. Rubani naye ajua. Hata hivyo mmoja atoa amri na mwingine aenda kuvaa. Hapo ndipo kisa kinapoanza kumshika msomaji, maana kila mmoja wetu amewahi kupewa kazi asiyoona maana yake na bado akaifanya kwa sababu wenzake nao wanafanya.

Jambo lililotupendeza zaidi ni jinsi anavyokumbuka vitu vidogo. Hatuelezi ushujaa kwa maneno makubwa. Atuonyesha mtu anayevaa nguo juu ya nguo, akatafuta glavu zake kwa hasira, akafungwa mipira ya hewa ya kupumulia mpaka awe kama mgonjwa kitandani. Huko juu, mita elfu kumi, baridi ni kali hata usukani wa miguu unaganda, bunduki nazo zinaganda, na rubani ashindana na chombo chake kuliko anavyoshindana na adui. Anayetaka kujua vita vya angani vilikuwaje mwilini mwa mtu, asome kurasa hizo. Picha za ndege hazimpi habari hiyo. Kisha ndege yashuka chini kabisa juu ya Arras, mizinga ya Wadachi yaanza kupiga, na yeye akumbuka Paula, yaya aliyemlea, na mchezo wa watoto wa kukimbia mbele ya mvua bustanini, ambapo yule wa mwisho kulowa ndiye mshindi. Wengine watasema kwamba mtu anayepigiwa mizinga hana nafasi ya kukumbuka yaya wake. Sisi twaona si hivyo. Waliokaa na wagonjwa wakati wa kufa wamesikia mara ngapi jina la mama likitajwa?

Kuna tena ukurasa wa mkate. Jioni, akiisha kurudi, rubani aketi mezani kwa mkulima aliyempa malazi. Mkulima akata mkate, agawa, wala hasemi neno. Mpwa wake atabasamu. Basi, hayo tu. Lakini mwandishi ametoka kuona mashamba yakiungua na njia zikijaa magari na mikokoteni ya watu wasiojua waendako, na sasa aona mkate ukigawanywa. Mkristo hahitaji kuelezwa. Laiti angeachia hapo.

Maana hakuachia, na hapa twaanza kulaumu. Sura za mwisho ni mahubiri marefu. Mwandishi ajitungia namna ya Nasadiki yake juu ya Mtu, kwa herufi kubwa, na juu ya mapendo, usawa na undugu. Akiri kwamba maneno hayo yote tumeyarithi kwa Mungu, ya kwamba watu walikuwa ndugu katika Baba mmoja. Asema kweli. Lakini amtaja Mungu kama mtu anavyomtaja babu aliyeacha mali nzuri akazikwa. Huyu alifundishwa na Wayesuiti kule Le Mans, kisha na Wamarianisti kule Fribourg, sala alizijua. Imani ya utoto ilimponyoka, na kwa kuwa roho yake ilikuwa karimu, atafuta mahali pa kuweka mapendo yake yote. Kijana wa katekesi anayekisoma kitabu hiki yafaa aambiwe hivyo bila ukali. Na hata kwa upande wa utungaji tu, sura zile zachosha: mtu aliyetuonyesha mkate na baridi na glavu sasa atupa maneno matupu ya darasani, ukurasa juu ya ukurasa, akirudia yale yale. Padre mwenye mahubiri ya namna hiyo, waamini wangekohoa.

Lawama ya pili kwetu ni nzito zaidi. Katika ndege ile walikuwamo watu watatu. Rubani twamjua. Dutertre twamjua kwa jina. Wa tatu, yule wa nyuma, anayetazama njia ambako kifo hutokea, kitabu chote aitwa "mpiga rashasha" tu. Rubani amwita kwa kazi yake, naye aitika "kapiteni", mara nyingi. Alias ana jina, Hochedé ana jina, Sagon aliyeruka kutoka ndege inayowaka na kulazwa hospitalini ana jina. Huyu hana. Hatudhani mwandishi alimdharau. Kote aonyesha kwamba maisha yao yalikuwa yamefungwa pamoja. Lakini kumbukumbu ina desturi hiyo. Huanza na wakubwa, ikichoka huacha wadogo.

Kwa upande wa chuma, dunia imemtunza Saint-Exupéry vizuri. Tarehe 31 Julai 1944, akiwa na umri wa miaka 44, aliondoka Borgo katika kisiwa cha Korsika na ndege ya Kimarekani ya namna ya Lightning, iliyowekewa kamera mahali pa bunduki, kwenda kupiga picha Ufaransa. Hakurudi. Kwa miaka zaidi ya hamsini hakuna aliyejua alipoangukia. Mwaka wa 1998 mvuvi mmoja karibu na Marseille alivuta wavu wake, akaona kikuku cha fedha chenye jina la rubani, jina la Consuelo mke wake, na anwani ya wachapaji wake wa New York. Wengine walidhani ni uwongo. Mwaka wa 2000 mzamiaji akaona vipande vya ndege chini ya bahari upande ule ule. Mwaka wa 2003 vikatolewa majini, na mwaka wa 2004 namba iliyopigwa katika kipande kimoja ikathibitisha kwamba ndiyo ndege yake. Leo vimewekwa katika jumba la makumbusho la ndege huko Le Bourget, na jina lake limeandikwa Panthéon, Paris, tangu mwaka wa 1967. Mwili haukuonekana. Mwaka wa 2008 rubani mzee wa Kidachi alisema huenda ni yeye aliyempiga, lakini wachunguzi hawakukubaliana, na chuma chenyewe hakikujibu. Chuma hujibu swali la wapi. Swali la alikuwa mtu wa namna gani limejibiwa na kitabu, pamoja na makosa yake yote.

Twasema hayo kwa sababu nasi tuna ndege zetu za vita, ingawa vijana wengi hawajui. Mwaka wa 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini kwenye Ziwa Tanganyika. Zilifika Matadi kwa meli, zikasafirishwa vipande vipande kwa reli na kwa mto hata ziwani, zikaundwa huko, na mwezi wa Juni zikatupa mabomu bandarini Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wadachi. Rubani mmoja, Aimé Behaeghe, alikufa Niemba mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na jina lake limeandikwa vitabuni. Lakini ni nani waliobeba masanduku yale? Ni nani waliofyeka ufuko, wakasukuma ndege majini na kuzivuta tena? Ni nani aliyefua nguo za rubani na kumpa maji alipokuwa mgonjwa? Hao ni wapiga rashasha wetu. Walikuwa na majina. Baadhi yao huenda walibatizwa, na kila mwezi wa Novemba tunapoombea marehemu wote, wamo humo ndani, bila kutajwa.

Kwa hiyo, kwa wale waliotuuliza: kinunuliwe, kiwekwe, na asomaye aongozwe katika sura zile za mwisho. Asiyeweza kukimaliza asome angalau safari ya Arras na ukurasa wa mkate.

Na ikiwa kuna msomaji wa Kalemie, wa Niemba au wa vijiji vya pwani ya ziwa aliyesikia kwa babu yake jina la mtu aliyefanya kazi kwenye ndege zile, alipeleke kwa padre wa parokia yake, pamoja na jina la kijiji na la ukoo, hata kama hajui mwaka. Liandikwe katika daftari, na Novemba ijayo lisomwe Misani.