Futa Mstari wa Katikati: Namna ya Kupima Fomu Inayokua

Karibu kila fomu inayokua hupendeza siku ya kuonyeshwa. Fundi anabonyeza "Ongeza", mstari mpya wa visanduku unatokea chini ya ule wa kwanza, anabonyeza tena, unatokea mwingine. Mteja anaridhika. Lakini kuongeza ni kazi nyepesi, hata mwanafunzi wa wiki ya pili anaiweza. Ukitaka kujua kama fomu imetengenezwa na mtu anayeijua kazi yake, futa.

Tuchukue programu ya ankara ya duka, iliyoandikwa kwa Python na Tkinter. Kila mstari una kisanduku cha bidhaa, cha idadi na cha bei, na pembeni kitufe cha kufuta. Tkinter ni daraja la kufikia Tk, zana aliyoibuni John Ousterhout alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wapo wanaoidharau kwa umri wake. Mimi naiheshimu, kwa sababu haimfichi fundi: kosa la mpangilio linajitokeza mapema kwa anayejua pa kutazama.

Ingiza mistari mitano: unga, sukari, mchele, mafuta, sabuni. Futa mchele. Ikiwa sabuni ndiyo iliyoondoka, umekutana na kosa la zamani kuliko yote katika kazi hii. Vitufe vilitengenezwa ndani ya kitanzi, kila kimoja kikapewa lambda inayotaja namba i, na lambda haiishiki namba hiyo wakati inapozaliwa; huitafuta wakati inapobonyezwa. Kitanzi kilishamalizika zamani, i imebaki 4, basi vitufe vyote vitano vinafuta mstari wa mwisho. Mafundi wengi hutibu kwa kuandika lambda i=i, kisha hutulia.

Wewe usitulie. Futa mara ya pili. Mchele umeshaondoka vizuri. Sasa bonyeza kitufe cha mafuta. Kitufe hicho kilizaliwa na namba 3, na bado kinaishika 3, ilhali kwenye orodha mafuta yameshasogea hadi nafasi ya 2 na nafasi ya 3 imekaliwa na sabuni. Inafutika sabuni. Jaribio la kufuta mara moja lingeipitisha fomu hii bila shaka yoyote, na ndiyo maana siliamini. Fundi aliyekomaa hakipi kitufe namba ya mstari hata kidogo. Hukipa mstari wenyewe, kitu chenye visanduku vyake vitatu, na kufuta kunakuwa kusema "ondoa huu" badala ya "ondoa wa tatu".

Kisha tazama jumla. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Visanduku vikiwa vimepangwa kwa gridi, Tk ina njia tatu za kuviondoa machoni: grid_remove hukificha kisanduku na kukumbuka kilipokuwa, grid_forget hukificha na kusahau, destroy hukiua. Fundi akiuficha mchele kwa mojawapo ya hizo mbili za mwanzo bila kuutoa kwenye orodha yake, bei ya mchele inaendelea kujumlishwa na hakuna anayeiona. Akiuua bila kuutoa, mambo ni tofauti: kusoma kisanduku kilichokufa huleta kosa la "invalid command name". Ila kwenye Tkinter kosa la namna hiyo huandikwa kwenye dirisha la amri, na muuza duka aliyefungua programu kwa kubofya ikoni hana dirisha hilo. Anachokiona ni jumla isiyobadilika. Kwa hiyo andika bei kubwa ya kipekee kwenye mstari mmoja, uufute, kisha ubadilishe idadi kwenye mstari mwingine. Jumla lazima ishuke kwanza, kisha ifuate badiliko la pili.

Sasa ingiza mstari mpya kati ya unga na sukari, ukiwa na kibodi tu. Bonyeza Tab kutoka mwisho wa mstari wa unga. Kwenye fomu iliyoachwa hivihivi kishale kitaruka hadi sukari na kuurudia mstari mpya mwishoni kabisa, kwa kuwa Tab hufuata mpangilio wa kuzaliwa kwa visanduku, wala haiangalii vimekaa wapi kwenye gridi. Dawa yake ni fupi: kuviita vyote lift kwa mpangilio unaotakiwa. Fundi aliyelikumbuka hili aliwahi kumfikiria karani anayeingiza ankara siku nzima bila kugusa kipanya, na mimi humpa alama nyingi kwa hilo peke yake.

Ukipewa msimbo wenyewe, tafuta kitu kimoja: orodha ya mistari, na fanksheni moja inayoipitia na kuupa kila mmoja row yake upya baada ya kila badiliko. Gridi iwe picha ya orodha. Ukikuta data inakusanywa kwa kuiuliza gridi kupitia grid_slaves, jihadhari, maana huirudisha ikianzia na kilichopangwa mwisho, na ankara hutoka kichwa chini. Ukikuta Entry(...).grid(...) imehifadhiwa kwenye kigeu kwa mkupuo mmoja, kigeu hicho kina None.

Mengine ni ya haraka. Tanua dirisha: kisanduku cha bidhaa kinapaswa kutanuka, na hakitatanuka bila weight na sticky, kwa sababu weight ya safu wima huanza na 0. Andika bei kama watu wanavyoiandika, 1,500 yenye koma. Float huikataa, hivyo fundi awe ameiondoa koma mwenyewe, na hesabu ya pesa aifanye kwa Decimal. Ongeza mistari hadi ipite kimo cha dirisha. Frame haijui kusogeza, kwa hiyo gridi lazima iwe imewekwa ndani ya Canvas, na scrollregion ibadilike kila mstari unapoongezeka, la sivyo mistari ya mwisho haitafikika.

Na ukikuta fomu imeachiwa kukua hadi mamia ya mistari, kila mmoja na visanduku vitatu vilivyo hai, hapo hata ufundi mzuri wa gridi hautoshi. Dirisha litakuwa zito. Kazi hiyo ipewe Treeview na kisanduku kimoja cha kuhariri kinachotokea juu ya seli inayobofywa.