Kifaa Kisichouliza Njia

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa mitandao ya kompyuta wa CCNA hukariri mapema kwamba swichi hutumia anwani za MAC na ruta hutumia anwani za IP. Jibu ni sahihi na alama atapata. Lakini akiishia hapo, atakuwa ameipita bila kuitazama mojawapo ya kazi nzuri kabisa za mikono ya binadamu, nami ningependa akae nayo kidogo.

Chukua swichi mpya, uiwashe. Jedwali lake ni tupu. Haijui kompyuta ipi iko wapi, wala hakuna aliyeiambia. Fremu ya kwanza ya data inaingia kwa poti ya 3 ikiwa na anwani mbili, kila moja ya biti 48: ya mpokeaji na ya mtumaji. Mtu angedhani swichi itahangaika kwanza na mpokeaji, maana ndiye anayetafutwa. Kumbe inajifunza kwa mtumaji. Inaandika kwamba huyu yuko poti ya 3. Kisha, kwa kuwa mpokeaji haijamjua bado, inatoa nakala kwenye poti zote isipokuwa ile ambayo fremu iliingilia. Mpokeaji akijibu, naye sasa ni mtumaji, na mstari wa pili unaandikwa. Kuanzia hapo wawili hao wanazungumza bila kuwasumbua wengine. Ndivyo mwenye duka la mtaani anavyomjua kila jirani na nyumba yake: hakumhoji mtu, anaona tu kila mmoja anatokea wapi.

Tena swichi husahau, na kusahau kwake kumepimwa. Kwenye swichi za Cisco, anwani isiyosikika kwa sekunde 300 hufutwa, isipokuwa fundi amebadilisha muda huo. Kompyuta iliyohamishiwa poti nyingine ikituma fremu moja tu, mstari wake unarekebishwa papo hapo. Iliyoondoka kimya haiachi taarifa ya uongo zaidi ya dakika 5.

Urahisi huu una hatari yake. Unganisha swichi mbili kwa kebo mbili, kwa nia njema kabisa ya kuwa na akiba, kisha kompyuta moja itume tangazo la kwenda kwa wote. Kila swichi inalipeleka kwa mwenzake, mwenzake analirudisha kwa kebo ya pili, na nakala zinazidi kuzaana. Pakiti ya IP hubeba hesabu ya maisha yake, ambayo kila ruta hupunguza moja hadi ifike sifuri na pakiti itupwe. Fremu ya Ethernet haina kitu hicho. Itazunguka mpaka mtu achomoe kebo, na ofisi nzima itasimama.

Aliyelitatua tatizo hilo ni Radia Perlman, akiwa mhandisi wa Digital Equipment Corporation, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1985. Pima uzito wa alichotakiwa: vifaa vilivyounganishwa ovyo, visivyo na msimamizi wala ramani, vikubaliane vyenyewe njia zipi zitumike ili pasibaki mzunguko hata mmoja. Alichobuni kinaelezeka kwa pumzi moja. Kila swichi huanza kwa kudai kuwa yenyewe ndiyo mzizi. Ikisikia dai lililo bora kuliko lake, inaliacha lake na kulitangaza lile, pamoja na gharama ya njia ya kuufikia mzizi huo. Ujumbe hurudiwa kila sekunde 2. Muda mfupi baadaye mtandao wote umekuwa mti, na poti za ziada zimefungwa. Hazijazimwa: zinaendelea kusikiliza, tayari kufunguka kebo ya upande mwingine ikikatika. Perlman aliipenda kazi hiyo kiasi cha kuitungia shairi.

Mkono wa fundi unaonekana katika uchaguzi wa mzizi. Namba ndogo ndiyo inayoshinda, na kwa kawaida swichi hutoka kiwandani na kipaumbele cha 32768. Zikilingana, zinaamuliwa na anwani ya MAC. Kwa kuwa mtengenezaji kwa kawaida hutoa anwani zake akipanda, mara nyingi inayoshinda ni swichi kuukuu kuliko zote, iliyosahaulika kwenye kabati la ghorofa ya chini, na data ya jengo zima inapitia huko. Mtandao unafanya kazi, hakuna anayelalamika isipokuwa kwamba ni mzito. Fundi makini huipa swichi anayoitaka kipaumbele cha 4096, na mambo yanakaa sawa. Amri moja tu, lakini lazima awe ameuona mti wote kichwani kwanza. Mwanafunzi na ajenge pembetatu ya swichi tatu kwenye programu ya mazoezi ya Packet Tracer, akate kebo moja inayotoka kwenye mzizi, ahesabu sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla poti iliyofungwa haijafunguka. Atajua mwenyewe kwa nini mwaka 2001 ilitolewa itifaki ya kasi zaidi.

Ruta ni tabia nyingine. Yenyewe hainusi njia kwa wapita njia. Hufuata jedwali lililoandikwa na fundi au na itifaki kama OSPF. Anwani 10.20.30.7 ikilingana na 10.0.0.0/8 na pia na 10.20.30.0/24, inachagua ya /24, ile mahususi zaidi, hata kama ya /8 ilitoka kwa chanzo kinachoaminika zaidi. Wengi huteleza hapo kwenye mtihani. Kisha inavua fremu ya zamani na kuvika mpya: anwani za MAC zinabadilika kila hatua, za IP zinabaki, isipokuwa pale zinapotafsiriwa njiani. Na haijui safari yote. Inajua hatua inayofuata tu.

Kwa hiyo ruta itatii hata jedwali la ajabu. Miaka ya 1990, barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti jijini Nairobi ilipanda satelaiti, ikatoka nje ya nchi na kurudi, kwa sababu majedwali yalielekeza hivyo. Kituo cha kubadilishana data, KIXP, kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa na mamlaka ya mawasiliano, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Ndani yake kampuni zilizoshindana kwa wateja ziliunganisha ruta zao kwenye swichi za pamoja, zikaandikiana njia mpya, na barua ya mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili ikaacha kupanda angani.