Salio Linavyohifadhiwa: Uchambuzi wa Muamala Mmoja wa M-Pesa Kutoka Waa

Mtu anayetoa pesa kwa wakala wa M-Pesa pale Waa, kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, hugusa aina kadhaa za hifadhi ya data kwa muda mfupi sana, ingawa machoni pake tendo zima ni kubonyeza simu, kusubiri ujumbe na kutia sahihi kwenye daftari. Laini ya simu, kumbukumbu ya ndani ya simu, kumbukumbu ya muda ya seva, diski za seva na karatasi ya wakala vyote hushiriki, na kila kimoja kina namna yake ya kuandika, kasi yake na, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, namna yake ya kupoteza kilichoandikwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uhakika wa salio hautokani na ubora wa chombo kimojawapo kati ya hivyo, kwa kuwa hakuna hata kimoja kisichoharibika, bali hutokana na utaratibu wa kuandika: kipi kiandikwe kwanza, kiandikwe wapi, na mteja ajibiwe baada ya hatua gani.

Safaricom iliizindua M-Pesa nchini Kenya tarehe 6 Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 chini ya uongozi wa Vodafone, na programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza. Waliobuni huduma hiyo walitaka ifanye kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa, na kwa sababu hiyo menyu yake iliwekwa ndani ya laini, yaani kadi ya SIM, badala ya kuwekwa ndani ya simu, uamuzi uliowalazimu wateja wenye laini za zamani kubadilishiwa laini kabla ya kujiunga. Laini, licha ya udogo wake, ni kompyuta iliyokamilika: ina kichakataji, ina kumbukumbu ya muda, na ina hifadhi ya kudumu ya kilobaiti chache, kwa kawaida 32, 64 au 128, ambayo inaweza kufutwa na kuandikwa upya kwa nguvu ya umeme. Hifadhi hiyo hutumia mbinu iliyoelezwa na Dawon Kahng na Simon Sze wa maabara za Bell mwaka 1967, ambapo ndani ya kila transista huwekwa kisiwa kidogo cha kupitisha umeme kilichozungukwa pande zote na kihami, yaani maada isiyopitisha umeme. Volti ya juu inapotumika, elektroni hulazimishwa kupenya kihami na kuingia kisiwani, na volti inapoondolewa hukwama humo kwa miaka hata pasipo betri. Kuwepo au kutokuwepo kwa elektroni hizo hubadilisha volti inayohitajika kuifungua transista, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa kama 1 au 0.

Kilichomo ndani ya hifadhi hiyo ni menyu, majina na namba chache, na ufunguo wa siri unaoitambulisha laini kwa mtandao, ufunguo ambao haukutengenezwa utoke nje ya kadi kwa njia yoyote ya kawaida. Mteja anapoingiza namba yake ya siri, kadi huisimba na kuituma, na anayeikagua ni seva. Salio halimo. Ushahidi wa jambo hili anao kila aliyewahi kupoteza simu baharini au kwenye matatu, kwa maana akirudishiwa laini yenye namba ileile hukuta pesa zake zote, na ushahidi wenye uchungu zaidi wanao walioibiwa na matapeli waliofaulu kuisajili namba ya mtu mwingine kwenye laini mpya. Laini ni kitambulisho cha mwenye pesa, na hakuna shilingi inayokaa ndani yake.

Ujumbe wa kuthibitisha muamala hukaa kwenye simu, katika kumbukumbu ya flashi, ambayo ni mzao wa kile kisiwa cha Kahng na Sze. Fujio Masuoka wa Toshiba aliiwasilisha mwaka 1984, kisha mwaka 1987 ikafuata aina yake iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyojaa katika simu na kadi za leo. Masuoka na wenzake walipunguza gharama kwa kukubali sharti moja zito: seli haziwezi kufutwa moja moja, bali hufutwa kwa matofali, yaani makundi makubwa ya seli kwa pamoja, ilhali kuandika hufanyika kwa kurasa ndogo zaidi. Matokeo yake ni kwamba flashi haiwezi kuandika juu ya kilichokwishaandikwa. Data inapobadilishwa, toleo jipya huandikwa kwenye ukurasa mtupu, la zamani hutiwa alama kuwa limepitwa, na usafishaji hufanywa baadaye, wakati tofali zima limejaa kurasa zisizohitajika. Watengenezaji wameongeza ujazo kwa kuifanya seli moja itofautishe viwango 8 au hata 16 vya chaji badala ya viwili, na kwa kufanya hivyo wamepunguza uvumilivu wake, kwa sababu kila ufutaji hukichosha kihami na joto huharakisha kuvuja kwa elektroni. Seli ya viwango viwili huvumilia ufutaji unaokaribia mara 100,000. Ile ya viwango vinane huhesabiwa kwa maelfu machache tu.

Hata hivyo, uimara wa flashi si hoja kubwa kwa wakala wa Waa, kwa kuwa ujumbe uliomo simuni ni nakala tu, na nakala iliyo mikononi mwa mteja yaweza kughushiwa. Ndiyo maana mfanyabiashara makini hatazami ujumbe ulioko kwenye simu ya mnunuzi bali huuliza salio lake mwenyewe, na kwa tendo hilo la kawaida huwa ametofautisha, pengine bila kulitambua, nakala na rejesta.

Rejesta hiyo ipo kwenye seva, na humo kuna aina mbili za hifadhi zinazotegemeana kama mke na mume wasioelewana. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, iliyotokana na wazo la Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, ambapo kila biti hutunzwa kama chaji ndani ya kapasita moja ndogo inayolindwa na transista moja. Kapasita hiyo huvuja kwa kasi kiasi kwamba lazima isomwe na kujazwa upya ndani ya kila milisekunde 64, na umeme ukikatika kila kilichomo hutoweka. Faida yake ni kasi, kwani hujibu kwa muda unaopimwa kwa nanosekunde, na kwa hiyo akaunti zinazotumika mara kwa mara huletwa humo ili zishughulikiwe. Ya pili ni diski, inayodumu lakini inayochelewa, na ugumu wote wa kutunza hesabu za fedha uko katika pengo lililopo kati ya hizo mbili.

Pengo hilo huonekana wazi katika diski ya sumaku, ambayo IBM iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 ikiwa na sahani 50 zilizobeba herufi milioni 5 hivi. Data ndani yake ni maeneo madogo yaliyotiwa usumaku kwa mwelekeo huu au ule, nacho kichwa cha kusoma na kuandika huelea nanomita chache juu ya sahani inayozunguka. (Ugunduzi uliowezesha vichwa hivyo kusoma maeneo madogo zaidi, uliofanywa na Albert Fert na Peter Grünberg mwaka 1988, uliwapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2007, mwaka uleule ilipozinduliwa M-Pesa.) Sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kichwa husubiri kwa wastani nusu ya muda huo, na ukijumlisha milisekunde kama 8 za kukisogeza kutoka njia moja hadi nyingine, diski hiyo haiwezi kwenda sehemu tofauti zaidi ya mara 80 hivi kwa sekunde. Utoaji pesa mmoja hugusa angalau akaunti mbili, ya mteja na ya wakala, na kila moja lazima isomwe na kuandikwa. Mfumo wenye mamilioni ya wateja ambao ungefuata njia hiyo moja kwa moja ungekwama kabla ya saa tatu asubuhi.

Wala kasi si tatizo lililo baya zaidi. Umeme ukikatika baada ya akaunti ya mteja kupunguzwa na kabla ya akaunti ya wakala kuongezwa, pesa zitakuwa zimepotea bila mwizi. Hifadhidata za fedha hutatua matatizo hayo mawili kwa utaratibu mmoja, ambao ni kuandika kusudio kabla ya tendo. Kabla salio lolote halijaguswa kwenye diski, maelezo ya muamala mzima huongezwa mwishoni mwa logi, yaani faili ya matukio inayokua kwa kufuatana tu na ambayo haisahihishwi. Kwa kuwa kichwa cha diski hakihitaji kuhamahama, bali huendelea pale kilipoishia, diski ileile iliyoshindwa kuzidi sehemu 80 kwa sekunde huweza kupokea megabaiti 150 au zaidi kwa sekunde, ambazo kwa maelezo ya baiti 500 kila moja ni sawa na miamala 300,000 kwa hesabu ya karatasi. Seva husubiri diski ikiri kwamba maandishi yamefika, na hapo tu ndipo ujumbe wa kuthibitisha hutumwa. Salio lenyewe hubadilishwa kwenye kumbukumbu ya muda na kupelekwa diskini baadaye kwa nafasi, na umeme ukikatika katikati, logi husomwa upya: muamala uliokamilika ndani yake hutekelezwa tena, na usiokamilika hufutiliwa mbali kana kwamba haukutokea. Zile sekunde chache ambazo mteja hukodolea macho simu yake zina ndani yake, pamoja na ucheleweshaji wa mtandao, kungojea huko kwa kukiri.

Diski za flashi zimepunguza muda wa kuifikia sehemu yoyote hadi karibu sehemu ya kumi ya milisekunde, na kwa upande wa kasi zimeiondolea logi sababu yake ya kwanza. Sababu ya pili, yaani hatari ya umeme kukatika katikati ya muamala, imebaki palepale, na ndiyo maana utaratibu huo haukuachwa. Hata makosa hushughulikiwa kwa mantiki hiyo: mtu aliyetuma pesa kwa namba asiyoikusudia huupeleka ujumbe kwa namba 456, na ombi lake likikubaliwa muamala wa kwanza haufutwi, bali huandikwa mwingine wa kuurejesha, wenye namba yake ya kumbukumbu.

Namba hiyo ya kumbukumbu inastahili kutazamwa kwa makini, kwani ni kazi nzuri ya usanifu iliyofichwa mbele ya macho ya kila mtu. Ina herufi na tarakimu kumi, na anayezilinganisha jumbe za nyakati tofauti atagundua kwamba herufi ya kwanza hubadilika na mwaka (N kwa 2019, S kwa 2024, T kwa 2025), ya pili hufuata mwezi kuanzia A hadi L, na alama ya tatu hufuata siku, kwanza tarakimu 1 hadi 9 kisha herufi. Mpangilio wa aina hii una faida kubwa kwa fahirisi, yaani jedwali linaloonyesha mahali rekodi ilipo. Fahirisi nyingi hujengwa kwa muundo wa mti uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa Boeing, ambapo kila tawi huongoza kwenye mafungu madogo zaidi, na rekodi moja kati ya mamilioni hupatikana kwa hatua tatu au nne. Namba zinazokua na tarehe huwezesha rekodi za leo kukaa pamoja upande mmoja wa mti, upande ambao tayari uko kwenye kumbukumbu ya muda, wakati namba za kubahatisha zingeilazimisha seva kufungua kurasa zilizotapakaa kila pembe ya diski.

Suala la mahali seva zilipo nalo lina uzito wake. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani, na ombi la kutoa pesa lililoanzia Waa lilivuka mpaka wa nchi kabla ya wakala kuhesabu noti. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na kwa njia ya baharini inayokaribia kilomita 10,000 safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100, hata kama mitambo yote ingefanya kazi bila kuchelewa. Kikwazo kikubwa kuliko kasi kilikuwa utegemezi, kwa sababu nyaya za kwanza za nyuzi za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009 tu, na hitilafu ya njia hizo ilikuwa hitilafu ya pesa za nyumbani. Mfumo mpya uliohamishiwa Kenya Aprili 2015 uliondoa safari hiyo.

Kuhusu kufa kwa diski hakuna haja ya maneno mengi. Tangu mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa chuo kikuu cha Berkeley walionyesha kwamba kundi la diski za bei nafuu laweza kuwa imara kuliko diski moja ghali, iwapo diski mojawapo itatunza matokeo ya hesabu ya nyingine: ikiwa jumla ya biti zilizo mahali pamoja ni witiri huandikwa 1, ikiwa ni shufwa huandikwa 0, na diski yoyote ikifa biti zake hupatikana tena kwa kurudia hesabu hiyohiyo. Moto na mafuriko huhitaji nakala katika jengo jingine.

Daftari la wakala, lenye tarehe, namba ya kumbukumbu, kiasi, namba ya kitambulisho, namba ya simu na sahihi, laweza kuonekana kama masalio ya zama zilizopita, lakini kwa vigezo vya uchambuzi huu ni logi kamili: huandikwa kwa kufuatana, halifutwi, na kosa hukatwa kwa mstari na kuandikwa upya chini yake. Halihitaji umeme, na seva haiwezi kutoa kile linachotoa, yaani sahihi ya aliyepokea noti mkononi. Udhaifu wake haupo katika unyevu wa pwani pekee, bali katika kuachwa wazi mezani, kila mteja akisoma kitambulisho na namba ya simu ya aliyemtangulia, hali isiyopatana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Sheria ya Kenya dhidi ya utakatishaji wa fedha hutaka rekodi za miamala zitunzwe kwa muda usiopungua miaka saba, na kwa rekodi ambazo karibu zote hazitaombwa tena na mtu yeyote, kuziacha kwenye diski zinazozunguka mchana na usiku ni kuchoma umeme bure. Kwa kazi kama hiyo taasisi nyingi duniani bado hutumia utepe wa sumaku, teknolojia iliyoingia kwenye kompyuta za biashara mwaka 1951 na ambayo kaseti yake ya kizazi cha 2021 hubeba terabaiti 18 kwenye utepe wa mita 1,035. Kuifikia rekodi moja kwaweza kuchukua dakika nzima, kwa kuwa utepe lazima ukunjuliwe hadi mahali penyewe, lakini kaseti iliyo rafuni haili umeme wowote, na mvamizi aliyeingia kwenye mtandao hawezi kuifuta kabla mtu hajaiweka ndani ya mashine.