Usubi: Neno Moja, Wadudu Wawili

Miongoni mwa maneno yanayowapa taabu wafasiri wa maandishi ya afya ni neno usubi. Neno hili ni letu na ni la zamani. Watu wamelitumia kwa kila kidudu kidogo kirukacho na kuuma, bila ya kuulizana ni kipi. Katika mazungumzo hapana ubaya. Ubaya huanza neno hilo liingiapo katika waraka unaomweleza mwananchi namna ya kujikinga na maradhi.

Nchini Tanzania, ugonjwa unaopofusha watu katika sehemu kama Mahenge huitwa usubi, kwa kuwa huenezwa na inzi mdogo mweusi wa jamii ya Simulium. Inzi huyo huzaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, naye huuma mchana. Nchini Kenya, katika sehemu za Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, yako maradhi mengine, kala-azar, yaenezwayo na mdudu wa jamii ya Phlebotomus. Huyu hana haja na mto. Mchana hujificha katika vichuguu na nyufa, na giza liingiapo hutoka kutafuta damu. Naye pia wafasiri humwita usubi! Basi msomaji wa Baringo akiambiwa kuwa usubi huishi mtoni, atauepuka mto usiokuwa na hatia, na jioni ataketi kupunga upepo kando ya kichuguu. Kala-azar isipotibiwa huua karibu kila imshikaye. Kwa hiyo suala hili si la urembo wa lugha.

Wako waliojaribu kujinasua kwa kuandika "inzi wa mchanga". Hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno, na haifai. Mtu wa pwani akisikia mchanga hufikiri ufuko wa bahari, na huko siko tunakomtafuta mdudu huyu. Wala kwa macho yetu yeye si inzi: ni mdogo kuliko mbu, ana manyoya, na atuapo husimamisha mbawa zake. Waitaliano walimtazama vizuri zaidi. Humwita pappataci, yaani alaye kimya, kwa sababu havumi kama mbu.

Kosa la pili limo katika kitenzi. Tafsiri nyingi husema mdudu huyu "hufyonza" damu. Mbu ndiye afyonzaye, maana huingiza mrija wake mshipani. Huyu hukata ngozi kwa sehemu fupi za kinywa chake, damu ikakusanyika kama kidimbwi, akainywa. Na ni jike peke yake afanyaye hivyo, apate kukuza mayai yake. Dume huridhika na utamu wa mimea. Jike aliyeambukizwa huwa na vimelea vya Leishmania vilivyomziba njia ya chakula. Hashibi upesi, hivyo huuma tena na tena, na kila aumapo huvitapika vimelea hivyo katika jeraha. Neno "kufyonza" humfanya msomaji afikirie damu inayotoka mwilini, hali hatari imo katika kile kinachoingia. Kwa nini basi tuogope kuandika "hukata", "hunywa" na "hutapika"? Hayo ni maneno ambayo kila mtu anayajua.

Kwa maoni yetu, usubi abaki kuwa Simulium, kwa kuwa jina la ugonjwa limekwisha kuzoeleka. Yule mwingine, katika vitabu vya sayansi, aitwe flebotomi. Na katika maandishi ya umma aitwe usubi wa usiku. Mwalimu wa biolojia atapinga kwamba wadudu hawa ni wa familia mbili tofauti, na kwamba mbu naye huuma usiku. Ni kweli. Lakini jina hilo walau humwambia mwenye nyumba ni saa ngapi ajihadhari. Kabla ya kulipitisha, yafaa Wapokot na Watugen waulizwe wao humwitaje mdudu huyu. Huenda wanalo jina lililo bora kuliko haya yetu.