Kutenganisha Jua na Mwezi katika Data za Mto Hudson

Hudson, katika jimbo la New York, Marekani, ni mto kwa jina. Nusu yake ya kusini ni mkono wa bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kuanzia bandari ya jiji la New York hadi kwenye ukuta wa bwawa la Troy, umbali wa kilomita 246 hivi. Kando yake kuna vituo vya mtandao uitwao HRECOS. Vihisi vyake hupima kila baada ya dakika 15 joto la maji, chumvi, oksijeni iliyoyeyuka, kiasi cha tope, pH na kina, na vipimo huonekana kwenye intaneti papo hapo. Walimu huvichota humo na kuvifundishia.

Kipimo kimoja hakifundishi mengi. Mwanafunzi akichota maji saa nne asubuhi na kukuta oksijeni miligramu 7 kwa lita, hana njia ya kujua kama kiwango hicho kinapanda au kinashuka. Kituo humpa vipimo 96 kwa siku, na hapo swali linakuwa jingine: ni nini kinachopandisha na kushusha mstari wa grafu?

Washukiwa wa kwanza ni wawili. Jua huiwezesha mimea kutoa oksijeni mchana, na usiku viumbe vyote huitumia. Kwa hiyo kiwango hufika juu alasiri na chini kabisa karibu na mapambazuko. Mwezi nao huendesha kujaa na kupwa, ambako huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Ndiyo maana grafu ya siku moja haifai: alasiri na maji kujaa vinaweza kukutana, na darasa likampa mmoja sifa za mwingine. Kwa wiki nzima, kilele cha jua hubaki palepale huku cha mwezi kikisogea. Mtoto wa pwani ya Waswahili, anayejua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma, pengine angeling'amua hilo mapema kuliko mwenzake wa kando ya Hudson.

Mahali pazuri pa kujaribia hoja hiyo ni kwenye magugu. Vallisneria americana huota chini ya maji na kutoa oksijeni yake humohumo, hivyo grafu yake hufuata jua. Trapa natans, gugu la kigeni lililotanda katika ghuba ya Tivoli Kusini kando ya Hudson, huelea: majani yake hutoa oksijeni hewani na kuyatia giza maji yaliyo chini. Humo oksijeni hufuata mwezi. Huporomoka maji yanapokupwa, yakiwa yamekaa muda mrefu chini ya majani, na hupanda maji mapya ya mto yanapoingia. Mwalimu akitoa grafu mbili zisizo na majina, darasa hupata fumbo ambalo haliwezi kufumbuliwa kwa kukariri.

Kulinganisha majira kunahitaji hesabu kidogo. Maji matamu ya nyuzijoto 0 hubeba oksijeni hadi miligramu 14.6 kwa lita, ya nyuzi 25 hubeba 8.3 tu, kwa hiyo vipimo vya Januari na Agosti hugeuzwa kwanza kuwa asilimia ya kiwango cha kushiba.

Chumvi ina hadithi ndefu zaidi. Theluji inapoyeyuka, mto huisukuma chumvi kusini. Wakati wa ukame hupanda kuelekea Poughkeepsie, mji unaokunywa maji ya mto huohuo. Tope nalo lina hadithi yake: dhoruba Irene, mwishoni mwa Agosti 2011, ililishusha kwa wingi kiasi cha kuonekana katika picha za setilaiti.

Vihisi pia hukosea. Mwani ukikiganda kihisi, mstari hupotoka polepole, kisha huruka ghafla siku kinaposafishwa. Mruko huo haumo mtoni, na kuutambua ni sehemu ya somo.

Tangu 2003, siku moja kila mwaka, wanafunzi huteremka kwenye kingo za Hudson kuupima wenyewe. Ndoo yao ikionyesha chumvi pungufu kuliko kituo cha karibu, huenda hakuna aliyekosea: maji ya bahari ni mazito na hupita chini ya maji ya mto, na ndoo huchota ya juu.